Mikono Juu ya Tumbo la Yaya

Dada yangu mkubwa, ambaye huku kwetu tunamwita yaya, ni mtu wa utani. Atakuchokoza mpaka ukasirike, halafu akupe samaki wa bure. Kwa hiyo niliona upesi kwamba kuna jambo. Alikuwa nyuma ya meza yake ya samaki wakavu hapa sokoni Kolwezi, anabishana bei na mteja, mara uso ukampauka, jasho likamtiririka, akashika kichwa.

"Moyo inakimbia," akaniambia. "Inakimbia, na mi niko nasimama tu!"

Ikapita. Akanywa maji, akaendelea kuuza. Lakini ilirudi: akiinama kufua, akiwa kanisani, akicheka hata. Kwenye avenyu yetu watu wakaanza kunong'ona. Mtu haogopi hivyo bila kuona kitu, walisema, basi anaona kitu ambacho sisi hatukioni.

Ndipo wakaja wamama wa maombi. Niseme wazi, walikuja kwa upendo. Kiongozi wao ni mjane aliyetulea mimi na yaya baada ya mama yetu kufa, na sisi tunamwita mama mpaka leo. Alikuwa anafunga na kuomba kwa ajili ya yaya, mpaka nguo zikaanza kumpwaya.

Kwao mgonjwa haombewi kwa mbali. Mkono unawekwa palipo na ugonjwa, tena unakazwa, kwa sababu pepo mkaidi hatoki kwa kupapaswa. Yaya alisema anasikia uzito chini ya mbavu, upande wa kushoto. Basi mama akaweka viganja vyake hapo na kukandamiza, wengine wakikemea kwa sauti. Na ile kitu ikajibu! Moyo ukaanza kugonga, jasho, macho yakamtoka.

"Munaona?" mama akapaza sauti. "Inasikia! Inakasirika! Musiache!"

Wakazidi kukaza, na mi pia niliamini. Nani asingeamini? Kila wakiweka mikono, kitu kinajibu. Mpaka siku yaya alipozimia chini ya mikono hiyo, na alipozinduka midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nikasema basi, inatosha! Nikampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali, mama nyuma yangu analia kwamba namkatiza Mungu kazi.

Munganga, yaani daktari, aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana. Alimlaza yaya, akambonyeza kidogo tu upande ule wa kushoto, na ikaanza tena. Akatazama mashine ya presha, akaondoa mkono kama aliyegusa mbabula, jiko la makaa, yenye moto.

"Nani anamufinyaka hapa?" akauliza.

Nikamweleza habari za mama na maombi.

Munganga akakaa chini, akatueleza taratibu. Juu ya figo kuna tezi ndogo, na chembe zake zinatengeneza adrenalini, ile homoni inayokutimua mbio ukiona nyoka. Lakini hazingoji nyoka atokee ndipo zianze kazi. Zinaiweka akiba, ndani ya vifuko vidogo sana. Na homoni nyingi hivyo isingetulia mle peke yake. Kuna protini, inaitwa kromogranini, inayoikusanya na kuishikilia, ili nyingi ikae mahali padogo. Nikamuuliza kama ni vile tunavyoshindilia makala, makaa ya kupikia, kwenye gunia. Akacheka, akasema karibu hivyo.

Mtu mwenye afya akishtuka, sehemu ndogo ya akiba inatoka, basi. Alidhani yaya ana uvimbe kwenye tezi hiyo, ghala limejaa vifuko kupita kiasi, na ukiubonyeza, mzigo unamwagika kwenye damu kwa mkupuo. Hata ile protini inatoka pamoja na homoni. Baadaye, walipompima damu Lubumbashi, waliikuta imejaa, na picha ikaonyesha uvimbe wenyewe.

"Batamupasua Lubumbashi," munganga akasema siku ileile. "Lakini mbele atameza dawa za presha. Na mutu asimufinye tena, ata kidogo. Anaweza kufa."

Nilirudi nyumbani nachemka. Mama alikuwa jikoni kwetu, anasonga bukari, ugali wa mgonjwa. Sikuzungusha maneno.

"Mama, mikono yenu njo ilikuwa inamuua."

Akaweka mwiko chini. Akatazama viganja vyake, akavipangusa kwenye kitenge, akatoka. Hasira yangu ikafa palepale. Nikaokota mwiko, nikamalizia bukari.

Upasuaji ulifanyika Lubumbashi. Hata mpasuaji, walituambia, alitakiwa aushike uvimbe ule kwa upole, la sivyo utamwaga vyote yaya akiwa mezani. Niliomba kwenye korido mpaka sauti ikakauka. Akatoka mzima, Mungu asifiwe.

Tuliporudi Kolwezi, avenyu nzima ilikuja kumwona, isipokuwa mama. Alituma chakula kwetu kupitia majirani. Kanisani alikaa nyuma, na wagonjwa walipoitwa mbele hakuinuka tena. Yaya alingoja mpaka kidonda kikapona vizuri, kisha akaniambia tumfuate.

Tulimkuta mama anachambua maharage. Yaya hakusalimia hata. Akashika mkono wake, akauvuta chini ya mbavu zake, upande wa kushoto.

"Achia, mwanangu!" mama akalia, anajinasua. "Achia, nitakuua!"

"Finya, mama."

"Hapana!"

"Finya. Ule uvimbe banaisha kuitosha, haiko tena."

Kiganja kikatua, hakina uzito. Mama alikuwa anamtazama yaya usoni, anatafuta jasho. Tukangoja wote watatu.

"Moyo?" akauliza.

"Iko kimya."

Mama akakandamiza kidogo, machozi yanadondoka kwenye maharage. Taratibu akataka kuondoa mkono. Yaya akaushikilia palepale.

"Acha ikae," akasema. "Wakati nilikuwa naogopa, ni weye tu ulikuwa unanishika."