Nilivyompotezea Baba Dele la Marehemu Mama kwa Kijapani cha Siku Tatu

Ijumaa moja ya mwaka 1986, dele la shaba, birika la kahawa la marehemu mama yangu, lilitoka nyumbani kwetu Mambrui mikononi mwa mgeni. Aliyelitoa ni mimi. Baba amekufa mwaka huu akiamini alilitoa yeye, na jambo hili siwezi tena kukaa nalo.

Wakati ule nilikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli moja ya Malindi. Mji mzima ulisema Kitaliano, hata wauza machungwa. Mimi na darasa langu la saba nikataka lugha ambayo hakuna wa kunisahihisha! Akaja Mjapani mmoja, mtu mzima, mpole. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji, lakini kila nikimpelekea chai alinifundisha.

Ni rahisi, wallahi. Taja kitu, ongeza "ga suki desu", umeshasema unakipenda. O-cha ga suki desu: napenda chai. Sakana ga suki desu: napenda samaki. Ukitaka kuuliza, malizia kwa "ka". Alipotaka kunifunza kusema sipendi, nikakataa. Nani hotelini aliwahi kumuuliza mtumishi asichopenda?

Siku ya tatu nikajiita mkalimani. Nikamwalika mgeni kwetu chakula cha Ijumaa, watu waone.

Mama alikuwa na miezi minne kaburini. Dele lake lilikaa kwenye kidaka cha ukutani. Kila siku baba alilisugua kwa ndimu na majivu, akalirudisha bila kulitia kahawa.

Tulipomaliza pilau, shangazi akanichokoza kutoka nyuma ya pazia.

"Hebu tukisikie hicho Kijapani! Au ni uongo wa hotelini?"

Nikaangaza chumbani, nikalinyoshea kidole dele. "Suki desu ka?"

Mgeni wa watu angejibu nini, kaulizwa na mwenyeji mbele ya mzee wake! "Hai, suki desu," akasema, yaani ndiyo, akainamisha kichwa.

"Asemaje?" baba akauliza.

"Asema analipenda dele, baba."

Kwetu mgeni akikisifu kitu chako, ni chake. Nani asiyejua? Baba akaenda kidakani, akalishika kwa mikono miwili.

"Mwambie ni lake, mwanangu."

Pale ndipo ningesema: baba, mimi ndiye niliyemuuliza, yeye kajibu kwa adabu tu. Ni Kiswahili hicho, lugha niliyozaliwa nayo! Lakini shangazi alikwishapiga kigelegele: "Lo! Mtoto anakimwaga kama maji!" Nikamwashiria mgeni kwa mkono kuwa ni lake.

Mgeni akakataa. Baba akashikilia. Mgeni akainama, baba akainama. Akainama tena, baba naye. Waliinamiana mpaka mgeni akashindwa, akalipokea.

Asubuhi yake nikamwahi hotelini, gari limeshawashwa. Dele lilikuwa pajani pake, limefungwa taulo. Nilitaka kusema nirudishie. Neno hilo sikuwa nalo! Nikalinyoshea kidole huku machozi yakinilengalenga: "Dele ga suki desu! Dele ga suki desu!"

Uso wake ukang'aa. Akanipigia makofi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kafaulu. Gari likaondoka.

Baba aliponiuliza kama mgeni kasafiri salama, nilisema salama. Miaka yote iliyofuata nilimwona akikaa mbele ya kidaka kitupu, na sikumwambia kitu.

Enyi mnaojifunza lugha za watu, msijivunie neno moja mbele ya wazee wenu. Na mkiona sifa zenu zinamgharimu mtu, semeni papo hapo, japo mtaaibika. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja, nikamwacha baba alipe.

Kwenye matanga yake, mzee mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyompa Mjapani dele la mkewe. Watu wakaitikia mashallah. Shangazi akaniita mbele ya wanawake wenzake.

"Mwanangu, kwa Kijapani husemaje pole?"

"Sijui, shangazi. Kijapani sijui. Sikujua hata siku ile."

Akawageukia wenzake, akifuta macho kwa upindo wa leso.

"Mwamwona alivyo mnyenyekevu? Babake mtupu!"