Uyoga Niliouchuma kwa Kisu

Kuna aliyemwona Mama Kulwa leo hapa Segese? Nijibuni kwanza, ndipo msome.

Asubuhi niliingia porini kutafuta uyoga wa kichuguu. Nikaukuta mweupe, mzuri, umejaa. Nikaukata kwa kisu usawa wa ardhi, usije na udongo. (Mtu wa Tanga mimi, usafi mbele.) Wakati wa kurudi nikamgawia jirani yangu, Mama Kulwa.

Mama mkwe wangu akautazama kapuni.

"Mashina yake yako wapi?"

"Nimeyaacha kulekule, mama."

Akanirudisha porini.

Akafukua kwa kidole pale nilipokata. Uyoga wa kichuguu, akasema, una mzizi mrefu unaozama chini. Huu wangu haukuwa na mzizi. Ulikaa ndani ya kikombe cheupe, kama ganda la yai.

Akafukua wa pili. Kikombe.

Wa tatu. Kikombe.

Akajifuta kidole, akanigeukia.

"Mama Neema, huu tumeshazika watu kwa sababu yake."

Nimekimbia. Niko mlangoni kwa Mama Kulwa sasa hivi. Nabisha hodi, simu yake inaita humo ndani.

Nje, kichanjani, kuna sufuria na sahani nne.

Zimeshaoshwa. Zinakauka juani.