Kidole Gumba cha Ntimaru

Watu wakiniuliza napiga muziki gani, hucheka kwanza, halafu hukasirika kidogo. Benga ya Wajaluo napiga. Rumba napiga. Nyimbo za kanisani nilizipiga kabla ya zote hizo. Lakini kidole gumba changu cha kulia hakijawahi kumsikiliza mtu. Kinanguruma kwenye nyuzi nene kama babu yangu wa Ntimaru alivyokuwa akipiga litungu, kile kinubi cha Wakuria chenye sauti ya kutoka tumboni. Likizo za shule nilizimalizia miguuni pake.

Babu huyo alimzaa mama. Mama alipobatizwa na kuolewa na baba yangu Mjaluo, huku Suna, litungu akaliacha nyuma na hakulitaja tena. Siku za kazi aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, Sabato aliongoza kwaya, na kwaya yake ilikuwa na sheria moja: wimbo haukatizwi. Mvua inyeshe, mtoto alie, beti zote zinaimbwa. Gitaa la kwaya nililishika kwa ruhusa yake, na alijivuna nalo sana.

Katikati ya miaka ya tisini nilijiunga na bendi ya benga Homa Bay. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe enda. Lakini masikio yangu usiyaite huko." Heri angenichapa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama anisikie nikipiga na bendi hata mara moja, na hicho ndicho alichoninyima.

Kiongozi wa bendi, mwanamume mnene mwenye kucheka hovyo, alikubali kuwa Ijumaa jua likizama mimi sipo mpaka Jumamosi jua lizame tena. Kwa hiyo nilianza na harusi ya Jumapili, na nilianza kwa aibu. Upande wa ziwa, mtu akitaka kujisifu katikati ya benga huinua mkono. Bendi inanyamaza, yeye anawatunza wapigaji, kisha anajimwagia sifa mpaka atosheke. Huo ni pakruok, na ndio unaolisha bendi. Basi mfanyabiashara mmoja wa samaki akainua mkono. Wenzangu wakanyamaza. Mimi nikaendelea, maana ubeti ulikuwa haujaisha. Akainua mikono miwili. Nikadhani muziki umemkolea, nikamwongezea utamu. Akapanda juu ya kiti, maskini, na bado nikaimba hadi ubeti wa mwisho.

"Yawa, nyako! Wewe msichana!" kiongozi alinifokea baadaye, huku akicheka. "Ukiona mkono juu, nyamaza! Huyo ndio chakula yetu! Na hiyo thumb yako pia punguza. Hii ni benga, si Ntimaru."

"Mkono nimesikia," nikamjibu, nimevimba. "Thumb haipunguzwi."

Aliniangalia, akatikisa kichwa, akaniacha nilivyo. Nampenda mzee yule mpaka leo.

Miezi ikapita. Jumapili moja tulikuwa tukipiga kwenye harusi nyingine, Homa Bay hiyohiyo, chini ya turubai karibu na ufuo ambako wachuuzi hununua omena. Nilipoinua macho nikamwona mama. Amesimama kando ya nguzo, gunia begani, gorogoro, kopo lake la kupimia, mkononi, kama mtu aliyekuwa akipita tu. Niliogopa atageuka aende zake.

Tulikuwa tumeanza pole, kwa rumba. Sauti za kuitikia nilizipanga kama alivyonifundisha yeye kwenye kwaya. Kisha benga ikashika kasi, nyuzi nyembamba zikakimbia, watu wakainuka na leso zao. Nikasema potelea mbali, nikakiachia kidole gumba. Kikanguruma. Nikamwona mama akifumba macho.

Alipoyafumbua, aliingia katikati ya wachezaji na gunia lake, mama mzima wa kwaya, akainua mkono.

Safari hii nilinyamaza, hata kabla ya kiongozi.

Mama akachota omena kwenye gunia, akajaza gorogoro mpaka ikafanya kilele, akaiweka mbele ya miguu yangu. Halafu akawageukia watu, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mimi ni mama ya omena, Suna. Baba yangu alikuwa mpiga litungu, Ntimaru nzima inamjua. Tangu nibatizwe sijasema hivyo mbele ya watu. Leo nasema. Huyu msichana ni wangu, na hicho kidole ni cha baba yangu."

Watu walishangilia mpaka turubai likatikisika. Mimi nililia bila haya, gitaa likanilowa kifuani. Mama akanisogelea akanifuta uso kwa upande safi wa kanga yake, ingawa ulinuka samaki vilevile.

"Sasa piga," akasema. "Na umalize beti zote."

Nikazimaliza zote.