Mkono Wangu na Miguu ya Njoroge

Pasta amesema nisimame niwaeleze vile mkono wangu ulipona. Nitaeleza. Lakini mtu asipige makofi, kwa sababu Njoroge amekaa hapo mbele kwa kiti cha magurudumu na anasikia.

Mimi Kamau na Njoroge ni mapacha, sura moja, hata mama hutuchanganya akiwa na haraka. Tulikuwa mafundi wa mjengo huko Ruiru, jioni tunarudi nyumbani Makongeni. Siku hiyo jukwaa la mbao lilivunjika tukiwa ghorofa ya pili, tukaanguka sote. Bati lilinikata juu ya kiwiko, mshipa wa fahamu ukakatika. Njoroge aliangukia mgongo.

Mkono ulishonwa, lakini vidole vilibaki kama vya maiti. Nilishika sufuria ya moto nikanusa ngozi ikiungua kabla sijajua ni yangu. Miezi ikapita, halafu uchungu ukaanza. Ngai, Mungu wangu, ilikuwa kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Shuka ikinigusa tu, nalia. Siku moja nilijikojolea, mtu mzima na ndevu. Njoroge naye alilala kimya, hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Majirani walikuja na maziwa na ndizi, wakanihurumia mimi, yeye wakampongeza. Mama aliwaambia Njoroge ndiye anapona, kwa sababu hana uchungu. Tuliamini hivyo. Njoroge mwenyewe alinicheka, akasema atanitangulia kurudi kazini.

Tulipoenda kliniki Thika, daktari aligonga mkono wangu kwa kidole, nikaruka. Akafurahi. Alisema uchungu ule ni mshipa unaota upya, unatambaa polepole kuelekea vidole. Mama akauliza, na Njoroge je? Daktari akavua miwani. Alieleza kwamba ndani ya kila seli ya mshipa kuna uzi mrefu wa urithi, umekunjwa. Tukiwa tumboni, sehemu zake za kukuza mishipa huwa wazi. Tukishakua zinakunjwa na kufungwa. Mshipa wa mkono ukikatika, seli huzikunjua tena. Seli za uti wa mgongo hukataa.

"Lakini hawa ni mapacha," mama akasema. "Uzi si ni mmoja?"

"Ni mmoja, mama. Hata Kamau, angeumia mgongo, wake pia ungebaki umefungwa."

Njoroge alikuwa hapo hapo, anasikiliza. Tangu siku hiyo mama hajawahi kuniuliza mkono unaendeleaje.

Sasa nashika mwiko, napiga plasta. Namshukuru Mungu, na yule daktari, na mama aliyenilisha. Wewe uliyekatika mshipa, siafu wakianza usikate tamaa. Fanya mazoezi, na linda ngozi isiyosikia. Na ukienda kuona mgonjwa, usimsifu kwa kunyamaza. Muulize anasikia nini.

Kila asubuhi nakanda miguu ya Njoroge kwa mkono huu. Yeye hufunga macho, akangoja. Jana aliniambia, "Kamau, si uanze."

Nilikuwa nimemaliza yote miwili.