Maji ya Kuamsha Lenga-lenga

Mama mkwe wangu alikuwa na mkono wa kunyunyiza maji ambao sijauona kwa mtu mwingine. Alichovya vidole vinne kwenye bakuli, akavitikisa juu ya beseni la lenga-lenga, mchicha wa kwetu, na majani yaliyokuwa yamelala tangu asubuhi yakainuka kama watoto wa shule waliomwona mwalimu mlangoni. Wauzaji wenzake katika soko la mji wetu, Baraka, walimwonea wivu waziwazi. Saa saba mchana mboga zao zilikuwa zimenyauka, na zake zinang'aa kana kwamba zimechumwa dakika ile ile.

"Mi nilizaliwa Lubondja, kwa balimaji ba mboga," aliwaambia wateja. "Najua namna ya kuamusha majani."

Maji yenyewe aliyachota kwenye kijito kilichopita nyuma ya soko. Pengine zamani kilikuwa kijito cha heshima. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya vita, na kila bunduki zilipolia milimani watu walishuka na magodoro kichwani, wakaja kujibanza mjini kwetu, na mahali walipoonyeshwa pa kukaa palikuwa upande wa juu wa kijito hicho hicho. Watu walikuwa wengi, vyoo vichache, na kijito kilikuwa karibu. Sina haja ya kueleza zaidi, ninyi ni watu wazima.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Mume wangu alikuwa Misisi kwenye machimbo, akitafuta dhahabu ambayo kwa habari alizotuma ilikuwa karibu kuonekana, na iliendelea kuwa karibu kuonekana kwa mwaka mzima na zaidi. Wifi yangu alikuwa amekimbilia ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na watoto wake. Mama mkwe alikataa kukimbia. Alisema ziwa linamtapisha, na kwamba askari hata wawe wa upande gani watakula mboga. Katika hilo hakukosea. Pale kwenye bariere, kizuizi chao cha barabarani, walimtoza fungu moja la lenga-lenga kila asubuhi, na siku nyingine walimrudisha nyuma achague fungu lililo kubwa.

Kipindupindu kilipoingia mjini, kituo cha afya kikatafuta wanawake wanaojua kusoma ili wapite mitaani kufundisha watu. Mimi nilikuwa nimefika mwaka wa nne wa sekondari, na katika mtaa wetu hilo lilitosha kuniita profesa. Nikapewa fulana iliyonifika magotini, kipaza sauti kilichokohoa zaidi ya kusema, na mafunzo ya siku moja. Nilirudi nyumbani nikitembea kama daktari.

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi mwembamba, mpole, asiyependa kurudia neno. Alipofika kwenye mboga za majani, mama mmoja akamcheka.

"Muganga, sisi tuko bambuzi? Lenga-lenga tunapika. Moto inaua yote."

"Ndiyo, moto inaua," akajibu. "Ila ile mikono iliyoshika majani, unaipika pia? Umenyunyizia mboga mayi ya mutoni, umeikata, umefunga. Kisha njaa inakuuma. Mikono inaenda wapi? Inaenda mu bukari."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikijua chakula cha mchana cha mama mkwe. Kilikuwa bonge la bukari, ugali wa jana, baridi, lililofungwa kwenye jani la mgomba. Alilila pale pale nyuma ya beseni, kwa vidole vile vile vinne, katikati ya kunyunyiza na kunyunyiza.

Basi mwambie, mtasema. Ninyi mnasema hivyo kwa sababu hamkuolewa pale. Kwetu mke hamwambii mama mkwe kosa lake uso kwa uso. Humwambia mume, mume akamwambia mama yake. Mume asipokuwepo, wifi anabeba maneno. Wangu mmoja alikuwa shimoni Misisi na mwingine alikuwa kambini ng'ambo. Hata macho ya mama mkwe sikuwa nayatazama sana, nilikuwa nazungumza na kitambaa chake cha kichwani. Na hapa sikutakiwa kumkosoa katika jambo dogo la chumvi kuzidi. Nilitakiwa kumwambia mwanamke aliyejivunia usafi, aliyefagia uwanja mara mbili kwa siku, kwamba mikono yake ni michafu.

Nikatafuta njia. Njia niliyoipata ni kuku. Tulikuwa na kuku mmoja, wenzake wote wakiwa wameishia kwenye sufuria za askari. Asubuhi moja, mama mkwe akiwa anafunga mboga zake barazani, nikamsimamia yule kuku na mikono kiunoni.

"We kuku," nikasema kwa sauti, "unakunywa mayi ya mutoni, kisha unagusa chakula na mudomo ule ule. Utagonjwa! Bamuganga bamekataza!"

Mama mkwe hakuinua kichwa. Alifunga fungu lake, akakaza kamba, kisha naye akamgeukia kuku.

"Kuku, we umefika umri huu kwa mayi gani? Jibu bwana. Baliosoma banakuuliza."

Kuku hakujibu. Aliendelea kuchakura, na somo la afya likaishia hapo.

Nikajaribu ujanja mwingine. Nilitia dawa ya maji tuliyopewa kituoni kwenye dumu dogo, nikaliweka karibu na beseni lake kana kwamba limesahaulika hapo. Aliinusa, akapiga chafya, akasema kwa hewa kwamba kuna mtu anataka lenga-lenga zinuke sabuni, akamwaga maji yangu kwenye shina la mpapai. Yule mpapai ndiye aliyekuwa salama kuliko sote nyumbani.

Lakini jambo ninaloona haya kulisema mpaka leo ni la sokoni. Siku ya mzunguko wangu nilianza upande wa samaki, nikapita kwa wauza ndagala, dagaa wa ziwani, nikapita kwa wauza muhogo, nikihubiri bila huruma. Nilimwambia mama mmoja wa sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa, mtu mzima wa kumzaa mama yangu, amwage bakuli lake la maji mbele ya macho yangu, na akalimwaga. Nilikuwa mkali kama tembo aliyekanyagwa na sisimizi. Kisha nikafika kwenye mstari wa lenga-lenga, na mama mkwe alikuwa ameketi wa tatu, na bakuli lake kando.

Nikazungumzia vyoo.

Nilieleza kina cha choo, kifuniko cha choo, umbali wa choo na kisima. Nilipomaliza nikaanza upya na choo cha watoto. Mstari mzima ulinisikiliza kwa mshangao, maana hakuna aliyekuja sokoni kuchimba choo. Na mama mkwe wangu, Mungu wangu, alipiga makofi. Alipiga makofi kwa mikono iliyolowa, matone yakiruka, akawageukia wenzake akisema, "Munamusikia? Uyu ni mukwe wangu!"

Muuguzi aliniuliza jioni kama nimemaliza soko zima. Nikasema ndiyo. Mganga hajigangi, husema watu, lakini mganga angalau huwa hadanganyi kituo.

Siku nne baadaye nilikuwa nachambua maharage barazani, jua likiwa utosini, nikaona vijana wawili wanasukuma baiskeli na mtu amelala juu yake amejikunja. Nilikitambua kitambaa cha kichwani kabla ya uso. Alikuwa ametapika sokoni nyuma ya beseni, akaharisha pale pale, na wenzake wakamfunika na kanga zao. Mguu wake mmoja ulikuwa unaburuzika. Nilikimbia nikaunyanyua, nikakimbia nao mpaka kituoni, nikiwa nimeushika kwa mikono miwili kana kwamba ndio uliokuwa ukiumwa.

Kwenye hema la kipindupindu vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake. Muuguzi alimtundikia maji, akatafuta mshipa mara ya kwanza akaukosa, mara ya pili akaupata. Kisha akaniuliza nani atamhudumia. Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza kama hakuna binti yake. Nikasema binti yuko ng'ambo. Akanitazama kidogo, kwa sababu naye alikuwa mtoto wa huku, akajua anachoniuliza.

Mke hamwoni mama mkwe wake akiwa uchi. Hata kamba ya kuanikia nguo tulikuwa tumeigawana, yeye akianika zake za ndani upande wa ukutani. Sasa ilinibidi nimvue, nimwoshe, nimgeuze, nimwoshe tena, kila baada ya muda mfupi, siku hiyo na siku iliyofuata. Yeye aligeuza uso wake kwenye turubai. Mimi niligeuza wangu mlangoni. Tukawa wanawake wawili tunaotazama pande mbili, na mikono yangu ikifanya kazi bila macho, ikikosea, ikiomba radhi. Safari moja nilimwosha goti mara tatu nikidhani ni mahali pengine. Nilisikia kitu kama kicheko kutoka kwenye turubai, lakini kilikuwa dhaifu mno hata sikuwa na hakika.

Niliogopa. Niseme wazi, sijawahi kuogopa vile hata bunduki zilipolia nyuma ya nyumba. Ngozi ya mkono wake nikiifinya ilibaki imesimama. Kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke asubuhi, na mchana kilikuwa kinapigwa dawa. Kila nilipotia mikono yangu kwenye ndoo ya klori nilikumbuka vile vyoo vyote nilivyovieleza sokoni, kina chake na vifuniko vyake, nikajichukia.

Siku ya tatu aliomba uji. Akaunywa wote, akalalamika hauna sukari, na hapo nikajua atapona. Muuguzi akapita, akamwuliza anauza nini, anakula nini, wapi. Akamweleza habari ya maji ya kijito na vidole na ugali kwa maneno mafupi, mbele yangu, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Mama mkwe akanirudishia kikombe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanitazama usoni na kungoja mpaka nami nimtazame.

"Mukwe, iyi maneno ya muganga, we ulikuwa unaijua?"

"Niliijua, mama."

"Mule mu soko uliambia batu bote."

"Ndiyo, mama."

"Na mama wa sombe ulimumwangisha bakuli. Yeye mwenyewe aliniambia, tukakucheka." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa bado haijamrudia sawasawa. "Bale bote uliambia bapone. Mi peke yangu ulinichungia eshima. Eshima yako ilikuwa karibu kunizika."

Nililia. Nililia nikiwa nimeshika kikombe cha uji, maana kila neno lilikuwa la kweli. Nikamwambia nimekosa.

"Lia kisha umalize," akasema. "Halafu uniambie sasa. Yote. Usizunguke."

Nikavuta kile kigoda cha kuhudumia mgonjwa mpaka magoti yangu yakagusa kitanda. Sikujua nianzie wapi, kwa sababu maneno yote niliyokuwa nimeyakariri yalikuwa ya kusemea kwenye kipaza sauti. Nikamshika mkono wa kulia, vidole vyote vinne, nikamtazama machoni, nikaanza na hivyo vidole.