Sabufa ya Kwaya ya Dutwa

Wiki iliyopita niliingia duka la vyombo vya muziki pale Bariadi, na kabla sijaitikia salamu ya muuzaji nikajikuta nimeweka kiganja kwenye tundu la sabufa iliyokuwa ikiunguruma mlangoni. "Dada, unatafuta nini humo?" akaniuliza. Nilikuwa natafuta upepo. Ngoja nikusimulie, maana katika mambo yote ya utoto wangu hili ndilo ninalojivunia zaidi.

Nilikuwa darasa la saba, naishi Dutwa kwa bibi. Mjomba alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, nusu seremala, nusu fundi redio. Nikishachota maji na kufagia uwanja, nakimbilia huko kwenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Bibi alilalamika kwamba narudi na vumbi la mbao kichwani kama mzee mwenye mvi, lakini michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alituunga kwa karanga na kutuletea mwenyewe hadi mlangoni.

Mwaka ule kwaya ya kanisa letu ilialikwa kuimba Bariadi pamoja na kwaya nyingine. Walikuwa na spika ya inchi kumi na mbili, wakampa mjomba aiundie sanduku, iwe sabufa ya kutoa besi. Akalijenga kwa plaiwudi nene, akatoboa tundu la duara ubavuni ili lipumue. Siku ya kulijaribu kanisani, mpiga kinanda akapanda na kushuka kwenye besi, sanduku likajibu sauti ile ile moja: bum, bum, bum. Wanakwaya wakaangua kicheko. Mwenyekiti wao, mama mpole sana, akasema taratibu, "Fundi, basi tutaazima la mjini."

Mjomba alilifunga sanduku kwenye baiskeli, akalisukuma hadi nyumbani. Siku mbili hakuligusa.

Siku ya tatu nilikuwa naosha vyombo, vibuyu vya maziwa vikiwemo. Viwili vilikuwa na tumbo sawa, ila kimoja kilikuwa na shingo fupi na kingine ndefu. Nikavipuliza mdomoni kwa mchezo tu. Cha shingo fupi kikalia juu, cha shingo ndefu kikalia chini, kizito. Nikaviacha vikombe na masufuria, nikakimbia navyo karakana.

"Mjomba, sanduku lako halina shingo!"

"Shingo gani?"

Nikapuliza kimoja, kisha kingine. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akapiga paja lake. "Kumbe! Ndiyo maana linalia juu, linapiga kelele sehemu moja." Akatafuta kipande kirefu cha bomba la maji la plastiki, akakichomeka kwenye tundu kikaingia ndani ya sanduku.

Mpiga kinanda akakubali kuja na kinanda chake. Tukalilaza sanduku, spika ikatazama juu, tukanyunyiza punje za mchele juu yake. Mbele ya bomba nikaning'iniza uzi wenye kishada cha pamba. Mjomba alinieleza kwamba kila sanduku lina sauti yake. Ukiipiga hiyo, spika karibu inatulia na bomba ndilo linalofanya kazi. Sisi tuliitaka sauti hiyo iwe sawa na besi ya chini kabisa katika nyimbo za kwaya. Mara ya kwanza ikawa chini mno, nyimbo hazikufika huko. Bomba lilikuwa refu kupita kiasi.

Mjomba akashika msumeno akate robo nzima. Nikamshika mkono. "Kidole kimoja kimoja, mjomba. Tukizidisha hatuna bomba jingine." Akanitazama, akanipa msumeno.

Nilikata mara nne. Kila mara tulirudisha bomba, mchele ukaruka, tukatikisa vichwa. Mara ya nne mpiga kinanda alipobonyeza ile sauti, punje zikatulia kama zimeambiwa, na pamba ikasukumwa na upepo hadi uzi ukanyooka. Kisha akacheza wimbo mzima, na kila besi ikatoka na sauti yake. Bibi akatokea mlangoni, mkono kifuani. "Mbona natetemeka humu?" Tulicheka hadi machozi.

Kule Bariadi kwaya yetu haikuazima la mjini; iliimba na sanduku letu, ikiwa imesimama wima. Fundi mmoja wa mjini akalizunguka sanduku, akainama kwenye bomba, akamuuliza mjomba nani kampimia. Mjomba akaniweka mbele yake, nikiwa na sare yangu ya shule. "Huyu." Neno moja tu. Yule fundi akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Mjomba hayupo tena. Karakana ilibomolewa, pamesimama duka la makava ya simu, na siku hizi masanduku yanakuja yamekwisha kupimwa na watu tusiowajua. La kwetu kwaya ililitoa kwa kanisa moja la Mkula. Wanaolipiga hawajui kwamba siku tulipoligandisha bomba kwa gundi, mjomba aliifungua spika, akachukua penseli ya useremala akaandika ndani ya sanduku, mahali pasipoonekana, jina lake na langu. Langu alilitanguliza.