Siku Niliyomcheka Mama

Nilikuwa darasa la sita tulipohama Misikhu kwenda Kitale, katikati ya miaka ya themanini. Baba alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba moja kubwa la mahindi. Wiki ya kwanza shuleni, mwalimu wa Kiswahili aliniambia nisimame nisome. Nilisoma vizuri hadi nilipofika kwenye neno "barabara". Nikalitamka kama tulivyolitamka kwetu: "balabala." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe aliinamisha uso, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Monita wetu, msichana mrefu aliyeketi dawati la mbele, hakucheka. Aligeuka akanitazama kwa makini, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Kuanzia kesho yake, kengele ya mapumziko ikilia, yeye na wenzake wawili walinipeleka nyuma ya tangi la maji. Wale wawili walinishika. Yeye alikuwa na rula ya mbao.

"Sema: lori la lami limerudi barabarani."

Kwenye karatasi nilizijua herufi hizo. Mdomoni zilinigeuka.

"Roli ra..."

Rula ilitua kwenye vifundo vya vidole, kwa ule upande wake mwembamba.

"Ati roli! Si uanze tena, bana."

Ikawa hivyo karibu muhula mzima. Kilichoniumiza kuliko rula ni kungoja. Kuanzia somo la kwanza sikusikia anachofundisha mwalimu. Nilikuwa nasikiliza kengele tu. Uji wa asubuhi niliutapika njiani. Darasani nikaacha kuongea kabisa. Nikiulizwa hata swali ninalolijua, nilitikisa kichwa, mpaka mwalimu akaona mimi ni mzito, akanihamishia nyuma.

Mama aligundua siku niliposhindwa kushika mwiko. Sikumwambia kitu. Aliviangalia vidole vyangu, na asubuhi tukaenda shule pamoja. Tulimkuta mwalimu mlangoni pa darasa, wanafunzi wote wakiwa ndani.

"Mwarimu," Mama akasema kwa ile sauti yake kubwa ya shambani, "huyu mtoto analudi nyumbani mkono imevimba. Nataka kujua nani anamfanyia hii maneno."

Kicheko kilianzia dawati la mbele, kikaenea. Monita hakuwa akimtazama Mama. Alikuwa akinitazama mimi, na nilijua anangoja nini.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikiwa nimesimama kando ya mama yangu, bega langu likigusa mkono wake.

Mama hakugeuka. Alingoja wanyamaze, kisha akarudia maneno yale yale, moja baada ya jingine. Mwalimu alipoviona vidole vyangu aliuliza ni nani, na macho yote yakaenda dawati la mbele. Akamwita monita, akamwadhibu. Sikupelekwa tena nyuma ya tangi.

Lakini mdomo wangu haukupona. Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi Bungoma, katikati ya watu walioongea kama nilivyoongea utotoni, na bado nilipanga kila sentensi kichwani kabla ya kuisema. Sikusema "rafiki", nilisema "mwenzangu". Wagonjwa wenye majina magumu kwangu niliwaita kwa namba za vitanda, na mmoja akanishtaki kwa mkubwa wangu kwamba nina dharau. Mtu akicheka nyuma yangu, hata kama anacheka mambo yake, vidole vilijikunja.

Jumapili moja nilienda kumwona Mama. Tulikuwa tunachambua maharagwe mlangoni nikamwambia, bila kumtazama:

"Mama, ile siku ulikuja shule. Nilikucheka."

"Nirikuona."

Aliokota jiwe, akalitupa uani.

"Nikasema kwa roho yangu, basi reo hawatampiga."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Miaka yote hiyo nilitaka kugombezwa. Yeye akaniambia nisogee kidogo, namzibia mwanga.